Tupatane Kungali Mchana

Kila mwaka katika mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutupeleka makaburini. Tarehe 2 ya mwezi huo twawaombea marehemu wote, twafyeka majani, twapaka misalaba chokaa, twawasha mishumaa. Ni kazi njema. Lakini sisi mapadri, ambao husimama kando ya kaburi mara nyingi kupita watu wengine, twasikia hapo neno moja linalotuhuzunisha kuliko kilio chenyewe. Mtu mzima, pengine mwenye mvi, hujitupa juu ya jeneza na kulia: "Baba, nisamehe!" Naye baba hajibu. Baba alikuwa na siku nyingi za kujibu, na mwana alikuwa na siku nyingi za kuomba, zote zimepita.

Ndiyo sababu leo twapenda kusema nanyi juu ya mgonjwa aliye karibu na kufa, na kupatana kwake na watoto na rafiki zake wa zamani. Nasi twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Siku moja tuliitwa kwa mzee mmoja katika parokia ya miteremko ya Kilimanjaro. Umri wake ulikuwa umepita miaka 80, na pumzi yake ilikuwa fupi. Tukamwungamisha, tukampaka Mafuta Matakatifu kwenye paji la uso na viganjani, tukampa Komunyo ya njiani. Kisha tukafunga mkoba wetu tukaondoka, tukiridhika kwamba kazi ya padri imekwisha. Mke wake, bibi mtaratibu, akatusindikiza hadi mwisho wa migomba. Hapo akasimama, akasema: "Baba Padri, tunashukuru. Umempaka mafuta viganjani. Lakini viganja vile vina mtoto ambaye havijamshika miaka tisa."

Haya tunayoyasimulia hayakutoka katika maungamo. Kijiji kizima kiliyajua, na wenyewe wameturuhusu kuyaandika pasipo majina. Mwana wa mwisho wa mzee huyo alikabidhiwa fedha za kahawa za mwaka mzima, apeleke karo ya dada yake shuleni. Yeye akaziingiza katika biashara, akitumaini kuzirudisha na faida juu yake. Biashara ikafa. Dada akarudishwa nyumbani, wala hakupata kumaliza masomo. Mzee akamwambia mwanawe mbele ya watu: "Usikanyage uwanja huu mpaka nimekufa." Mwana akaenda Dar es Salaam. Tangu hapo mama alikuwa akiletewa fedha kidogo kwa siri, na mzee, kila alipohisi kwamba sukari ya chai imetoka kwa mwana yule, alisukuma kikombe kando.

Kesho yake tulirudi. Tukakaa kando ya kitanda, tukamtajia mzee jina la mwanawe. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema: "Yeye ndiye aliyekosa. Aje yeye." Nasi tukamjibu: "Mzee wetu, ulimwamuru asije mpaka umekufa. Anakutii. Akija leo amevunja neno lako, na asipokuja atakuta kaburi. Aliyefunga mlango huu ni wewe, na ufunguo uko kwako." Mzee aligeuza uso ukutani. Hatukumwongezea neno, tukasali naye Baba Yetu, tukaondoka. Jioni akamwita mjukuu wake mwenye simu, akamwambia: "Mwambie baba yako mdogo nimesema aje."

Mwana alifika kwa basi siku ya pili. Akasimama nje ya uwanja, penye masale, asithubutu kupita. Ikabidi mama afungue dirisha, ili mzee amwite kwa sauti yake mwenyewe, sauti iliyokuwa imekwisha nguvu: "Pita ndani, chakula kinapoa." Hayo ndiyo maneno yote ya msamaha tuliyosimuliwa. Mwana aliingia akapiga magoti, na viganja vile vilivyopakwa mafuta vikashika kichwa chake.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba yote yalinyooka siku hiyo. Dada aliyekosa shule alikuwapo, akitia maji katika beseni. Alisema wazi: "Baba amesamehe ya kwake. Ya kwangu bado." Hakuna aliyemkemea, na ilikuwa haki wasimkemee. Ndugu yake alimjibu kwamba atalipa karo ya binti yake, muhula kwa muhula, wala hamwombi aseme lolote kabla hajaona kwa macho. Huo nao ni mwanzo wa upatanisho, tena mwanzo wa kweli.

Baada ya hapo mzee alikumbuka jambo jingine. Jirani yake, aliyebatizwa naye siku moja, na ambaye zamani walikunywa mbege kutoka kata moja, alikuwa hasemi naye kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Wenyeji wa Kilimanjaro wajua kwamba isale ndio mmea unaopandwa mpakani, na kwamba jani la isale hilo hilo ndilo achukualo mtu aendapo kuomba msamaha. Mwenye kuletewa jani hilo, mila yamtaka asikatae. Basi mzee, kwa kuwa hakuweza kutembea, akamtuma mwanawe aliyerudi: "Kata isale, mpelekee. Mwambie ni mimi niliyeusogeza mpaka, hatua moja. Vijana waurudishe." Jirani alikuja akijikongoja kwa mkongojo. Walizungumza juu ya mvua, na juu ya padri wa zamani aliyewafundisha katekisimu kwa kiboko. Walicheka. Siku ya nane mzee akafariki, na waliomshika walikuwa wengi.

Tulijifunza nini? Tulijifunza kwamba tulimpa mzee huyo sakramenti kwa kanuni zake zote, lakini tulisahau kumwuliza swali moja la kibaba: "Ni nani ambaye ungependa kumwona?" Mafuta Matakatifu hayakuwekwa ili kufunika ugomvi uliobaki hai. Yanampa mgonjwa nguvu, na moja ya kazi zinazohitaji nguvu nyingi kupita zote ni kumwita mtu uliyemfukuza.

Tufungue sasa Maandiko Matakatifu, tumtazame mfalme Daudi. Mwanawe Absalomu alimwua ndugu yake Amnoni, akakimbilia Geshuri, akakaa huko miaka 3. Daudi alimtamani mwanawe, akakubali arudishwe Yerusalemu. Lakini akaamuru asiuone uso wake. Miaka 2 mizima baba na mwana walikaa katika mji mmoja pasipo kuonana. Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Kumrudisha mtu mjini na kumnyima uso wako ni msamaha wa nusu, na msamaha wa nusu huoza. Hata busu aliyopewa hatimaye ilikuja imechelewa. Absalomu aliasi, akafa msituni, na baba akabaki chumbani juu ya lango akimlilia kwa jina lake, akitamani afadhali angalikufa yeye mwenyewe.

Tena huyo huyo Daudi, alipokaribia kufa, alimwita Solomoni na kumpa wosia. Katika wosia huo alikumbuka wema wa mzee Barzilai, akaagiza wanawe watendewe mema. Lakini alimkumbuka pia Shimei, mtu aliyemlaani zamani, ambaye Daudi mwenyewe alikuwa amemwapia kwamba hatamwua. Sasa akaagiza mvi zake zishuke kaburini na damu. Tazameni, wazazi, jinsi mtu aliyempendeza Mungu alivyoweza kumwachia mwanawe deni la damu pamoja na kiti cha enzi. Ni nyumba ngapi kwetu ambazo mzee, badala ya kugawa baraka, hugawa maadui? "Fulani msimsahau. Ukoo ule msioane nao." Watoto huupokea wosia huo kama amana, na ugomvi ambao ungezikwa na wazee wawili huishi mpaka kwa vitukuu.

Kinyume cha hayo twamwona Mtakatifu Monika, ambaye akina mama wengi Wakatoliki huchukua jina lake. Wengi wajua machozi yake; wachache wajua kwamba kuna wakati hakutaka mwanawe Augustino akae naye nyumbani wala kula mezani pake, kwa sababu ya uzushi wa Wamani alioufuata. Baadaye alioneshwa ndoto iliyompa tumaini, akamfungulia tena mlango. Mwana naye alimdanganya mama yake bandarini Karthago, akapanda merikebu usiku kwenda Roma, akimwacha anasali. Mama alimfuata ng'ambo ya bahari hata Milano, na huko Augustino akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Mwaka huo huo, huko Ostia, Monika akaugua, akafa siku ya tisa, katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Augustino ametuachia kumbukumbu ya siku hizo. Asimulia kwamba mama yake, akiwa mgonjwa, alimwita mwana mwema, akasema kwamba hajapata kusikia kutoka kinywani mwake neno kali juu yake. Mama huyo hakuwa amesahau bandari ya Karthago. Lakini katika saa ya mwisho alichagua la kulikumbuka. Tena, yeye aliyekuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe huko Afrika, aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika, bali wamkumbuke altareni. Twaitaja habari hii kwa makusudi, kwani twajua familia zinazotumia fedha nyingi kuurudisha mwili wa marehemu nyumbani, lakini hazikutoa nauli ya kumleta mwana angali baba anasema.

Basi yatupasa kufanya nini?

Kwanza, padri aitwe mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika pumzi ya mwisho. Msiogope kwamba kumwita padri ni kumtangazia mgonjwa kifo. Aitwe mgonjwa angali na akili yake na ulimi wake, kwa maana kupatana kunahitaji vyote viwili.

Pili, mzazi asingoje mtoto aanze. Ni kweli mtoto ndiye aliyekosa. Lakini katika mfano wa Bwana wetu baba ndiye aliyekimbia njiani, na mzee akimbiaye hujivunjia heshima mbele ya majirani. Alikubali kuivunja.

Tatu, ninyi mnaomwuguza mgonjwa, msiwe walinzi wa ugomvi. Mara nyingi mgonjwa amekwisha lainika, na walio mlangoni ndio wanaosema: "Usimsumbue mzee, huyo ataleta maneno." Pengine wanahofia moyo wa mgonjwa, pengine wanahofia mgawanyo wa shamba. Kila mmoja ajipime mbele ya Mungu.

Nne, kusamehe si kuuita ubaya wema. Deni lilipwe, mpaka urudishwe, ukweli utajwe. Wala hatumlazimishi mtoto aliyeumizwa vibaya nyumbani kwake arudi mikononi mwa aliyemwumiza. Neno la amani laweza kutumwa kwa mdomo wa mtu wa kati, na mtu apewe muda, kama alivyopewa dada yule.

Na wewe uliyechelewa, ambaye jeneza halikukujibu? Hatukuachi. Umtolee mzazi wako sadaka ya Misa, kisha utende lile ambalo angekuomba kama angepata nafasi: lipa deni ulilokuwa ukidaiwa, mtafute ndugu yako mliyeachana siku ya matanga. Mungu ambaye kwake wote wanaishi aweza kulifikisha neno lako pale ambapo sauti yako haifiki.

Lakini kwa wale ambao wazazi wao wangali hai, na kwa ninyi wazazi ambao pumzi zenu zingali ndefu, twasema: jioni hii, kabla ya kusali Rozari nyumbani, kila mmoja ajiulize ni mtu gani ambaye hataki kumtaja jina. Jina hilo hilo litajwe katika sala. Na kesho, apelekewe habari.