Stima Safi, Waya Chafu

Mvua ikinyesha Kibera, unajifunza kugusa ukuta kwa mgongo wa mkono. Usitumie kiganja, kwa sababu kiganja kikipigwa na stima hujikunja, kikashika, na ukishashika huachilii. Hili sikufundishwa shuleni. Alinifundisha mama wa chapati, jirani yangu, wiki yangu ya kwanza Gatwekera, aliponikuta nimeegemea mabati nikiongea na simu. "We kijana, hiyo ukuta inauma."

Nilikuwa nimeacha chuo, naandikia watu makala mtandaoni, na bila stima laptopu yangu ilikuwa sinia tu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilimpa mia tano jamaa mmoja mwenye ngazi na koleo. Risiti hakuna. Waya wake ulipita juu ya mitaro, ukaingia chini ya mabati, ukafika kwenye balbu yangu. Mtaani tunaita hiyo sambaza, neno lilelile tunalotumia ukimtumia rafiki krediti. Ni neno la ukarimu. Sheria inaita wizi.

Je, nilikuwa mwizi? Nimetembea na swali hili miaka kadhaa sasa, na majibu niliyokuwa nikijipa yameanguka moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza lilikuwa tamu. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutoka kwa vitu ambavyo hakuna mtu aliviumba: mvuke wa ardhini Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Marsabit, jua la Garissa. Mvuke wa Olkaria umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Mimi nitaibaje mvuke wa Mungu? Lakini hata maji ya mto ni ya Mungu, na bado mtungi una mwenyewe. Kisima kilichimbwa na watu, minara ikasimamishwa na watu, mikopo ikachukuliwa kwa jina letu sote. Mvuke ni bure. Kuufikisha Gatwekera si bure.

Jibu la pili: simuumizi mtu. Hili lilianguka nilipohamia Kawangware, karibu na steji ya 46, kwenye ploti yenye mita ya tokeni. Sasa nalipa, na mtu anayelipa huanza kuuliza. Zaidi ya asilimia 20 ya stima inayonunuliwa na Kenya Power hupotea kabla ya kulipiwa. Nyingine hupotea kama joto kwenye nyaya, nyingine huibwa. Mamlaka ya EPRA huruhusu sehemu ya hasara hiyo iingizwe kwenye bei. Yaani ile mia tano yangu ya Gatwekera ilikuwa na mwenzake ambaye sikumwona: kinyozi wa Kawangware aliyenilipia bila kujua. Leo huyo kinyozi ni mimi.

Hapo ungedhani nimeshahukumiwa. Ngoja kidogo.

Neno "mwizi" linadai kwamba mlango ulikuwa wazi nami nikapita dirishani. Sehemu kubwa ya Kibera imejengwa juu ya ardhi ya serikali. Aliyejenga chumba hana hati, na aliyepanga hana hata sauti. Nisijifanye kwamba hakuna kilichojaribiwa. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, kampuni ilipunguza ada ya kuunganishwa mitaani hadi shilingi 1,160, na watu wengi wakapata mita. Lakini mita huombwa na mwenye nyumba. Mpangaji hukuta waya ukiwa tayari ukutani, pamoja na kodi na kunguni. Nikiukataa, sitakuwa mwaminifu zaidi; nitakuwa gizani tu, na mia tano yangu itaishia kwenye mafuta ya taa.

Hata huku kwenye mita, mlango si mpana kama unavyoonekana. Hadi Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya stima ilikuwa ya nyumba zinazotumia chini ya uniti 100 kwa mwezi. Kuanzia hapo ikashushwa hadi uniti 30. Kwa mtu mwenye mita yake peke yake, huenda inamtosha. Lakini ploti yetu ina vyumba vinane kwenye mita moja. Kila chumba kina balbu, simu na redio, basi. Ukijumlisha, mita inatuona kama familia moja tajiri, na inatutoza hivyo. Sheria haikukusudia kutuonea. Ilihesabu mita ikidhani inahesabu watu.

Na hapo ndipo naona kasoro ya ahadi kubwa yenyewe. Serikali imesema ifikapo 2030 stima yetu yote itakuwa safi, asilimia 100. Nairobi ilijaa wageni Septemba 2023 kwa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi, pale KICC, na tukasifiwa, kwa haki kabisa. Siku kumi hivi kabla yake, usiku wa Agosti 25, nchi karibu nzima ilikuwa imezama gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Mtaani watu walicheka: leo tumekuwa sawa.

Asilimia hiyo hupima stima inakotoka. Haipimi inakofika, wala ilimpitia nani. Wamaasai wa Olkaria walihamishwa 2014 kupisha mitambo, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo inasimama kwenye ardhi ambayo mahakama ya Meru ilisema, Oktoba 2021, kwamba hati zake zilitolewa kinyume cha utaratibu. Kwa hiyo waya una ncha mbili, na kote kuna mtu aliyeambiwa asubiri. Huku mwanzo ni mfugaji. Huku mwisho ni mtoto anayegusa ukuta mvua ikinyesha. Hapo katikati ndipo pasafi.

Sisemi ahadi ni ya uongo. Moshi wa dizeli ukipungua, mapafu yanayopona ni ya maskini pia. Nasema usafi ni neno la maadili kabla ya kuwa neno la mitambo, na huwezi kulitumia kwa nusu ya waya.

Sasa, jambo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita jamaa alibisha mlango wangu hapa Kawangware. Ngazi tofauti, koleo lilelile.

"Buda, hiyo mita tunairuka. Elfu mbili, na unasahau mambo ya tokeni. Ploti ya nyuma wote nimewafanyia."

Sitakudanganya, nilipiga hesabu. Kuna kazi nilikuwa nimeandika na sijalipwa. Na hoja zote hizi nilizokuandikia zilikuja kunisaidia kusema ndiyo: mita inatuonea, ahadi ina nusu, mfugaji hakulipwa. Kisha nikagundua kwamba hakuna hata hoja moja kati ya hizo inayomhusu huyo mfugaji kweli. Nikiruka mita, yeye hapati kitu. Anayeguswa ni mama wa chumba cha tano mwenye mtoto mchanga, kwa sababu transfoma yetu ni moja, na ikizidiwa ikalipuka sote tutakaa giza wiki nzima.

Nikamwambia hapana. Akaniangalia kama mtu aliyeona mshamba.

Kwa hiyo nilikuwa mwizi Kibera? Nadhani nilikuwa na deni, kwa kinyozi nisiyemjua, na serikali ilikuwa na deni kubwa zaidi kwangu. Deni moja halifuti jingine. Kibera sikuwa na mlango wa kuchagua. Hapa ninao, hata kama ni mwembamba na una foleni, na mtu aliyepewa mlango hana tena haki ya dirisha.

Uniti zilizobaki kwenye mita ni 3.4. Zamu ya kununua ni ya chumba cha pili, na bado hajarudi kutoka kazini. Wacha nihifadhi hii kabla haijazima.