Je, Bukavu Itaifikia Kigali?

Mwaka 1962 Kigali ilikuwa mji mdogo tu, na Bukavu yetu ilikuwa imeupita mbali. Leo mambo yamegeuka. Je, tutaifikia?

Wengine hujibu: "Kwetu kuna vita." Ni kweli. Bukavu ilitekwa mwaka 2004 na tena mwaka 2025, na pasipo amani mji haujengeki. Lakini Kigali nayo ilijaa makaburi mwaka 1994. Tena si vita vilivyojenga nyumba zetu juu ya mifereji.

Kule, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu hufanya umuganda, kazi ya pamoja. Sisi tunayo salongo. Wazee wetu waliichukia kwa kuwa Mobutu aliwalazimisha. Basi sisi tuifanye kwa hiari. Mtu aweza kumdai jirani haki, na bado akajifunza kwake. Kijicho hakizibui mfereji.