Hofu ya Mlima na Utulivu wa Moyo

Mjukuu wangu, tangu Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipoporomosha tope hadi Katesh, nawaona vijana hampati usingizi mvua ikianza. Mtu hawezi kuamua jambo la maana akiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo nisikilize.

Siku zile wapo walioamini volkano imeamka, maana Hanang ni volkano ya kale. Wataalamu wa serikali wakaeleza: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka, ikateremka kwa njia ya mto ikiwa tope, mawe na magogo. Ukishajua hivyo, hofu yako inapata mipaka. Unajua pa kukimbia na mahali pasipofaa kujengwa.

Mgiriki mmoja, Epicurus, aliyezaliwa kisiwani Samos mwaka 341 KK, alifundisha jambo hilohilo katika bustani yake huko Athens, ambako wanawake na watumwa nao walipokelewa. Alisema tunachunguza sababu za radi na matetemeko ili moyo utulie. Watu humsingizia kuwa alihubiri anasa, kumbe yeye aliridhika na mkate na maji, na jibini kidogo ikawa karamu yake. Tamaa alizigawa: njaa na baridi lazima vitulizwe, na havina gharama kubwa, lakini sifa na utajiri havina kiasi. Ndiyo maana nakukataza kuuza shamba la vitunguu swaumu ununue pikipiki kwa sababu tu wenzako wanazo.

Hapa na pale sikubaliani naye. Alisema miungu haijishughulishi nasi. Sisi Wairaqw wazee wetu husoma slufay, kuomba mvua na amani, na mkutano wote huitikia. Sitaiacha. Tena alishauri watu wakae mbali na siasa. Je, nani atasimama kwenye mkutano wa kijiji kuzuia viwanja visigawiwe kwenye mkondo wa maji? Lakini urafiki aliuweka juu sana, na hapo namwunga mkono kabisa: mtu mwenye majirani wa kumgongea mlango usiku wa mvua hulala vizuri.

Kile kiwanja cha bei nafuu kando ya korongo, usikilipie. Jumamosi njoo tukapime kile cha juu, karibu na shangazi yako.