Gari Lililofunguliwa

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kutengeneza gari kuna maana moja iliyo wazi: chombo kiondoke tena, kivuke tope la barabara itokayo Sake, na mzigo ufike sokoni. Fundi anayefunga springi ya gari moja chini ya gari la aina nyingine halaumiwi kwa kuacha asili, bali husifiwa kwa kuwa safari haikukatika. Kufufua gari, yaani kulifungua lote hadi ibaki bodi tupu kisha kulirudisha katika hali yake ya awali, ni kazi ya namna nyingine, kwa kuwa humtaka mtu ajue kwanza gari lile lilikuwa nini kabla ya kuuliza kama litatembea.

Mfano unaofaa eneo hili ni Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lililotoka mwaka 1969, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, mashindano ambayo miaka hiyo yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Gari la 1971 lilihifadhiwa Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wakalifufua. Kazi kama hiyo huzua swali zito, kwa sababu mikunjo na michubuko ya mawe haikutoka kiwandani, lakini bila hiyo ushindi haueleweki; anayeinyoosha yote na kuifunika kwa rangi inayong'aa amemnyamazisha shahidi.

Aina hiyo ya gari haina shasi, yaani fremu ya chuma inayojitegemea chini ya bodi, na uzito hubebwa na sakafu pamoja na vizingiti, vile vyuma virefu vilivyo chini ya milango. Kwa hiyo kutu iliyojificha humo si dosari ya sura tu, bali ni ugonjwa wa mifupa, na mwanafunzi anayekata vizingiti kabla ya kuishikiza bodi kwa vyuma vya muda huweza kukuta imejikunja na milango haifungi tena. Ndiyo maana siku za mwanzo hazina kelele: hupigwa picha, hupimwa nafasi kati ya mlango na bodi, nati za kila sehemu hutiwa katika mfuko wenye jina, na huandikwa kila waya ulikotoka na unakokwenda. Anayedharau kazi hiyo huja kuilipia mwishoni, akiwa na gari lililopakwa rangi na sanduku la vipande asivyovijua.

Hata malighafi ya ufundi huu si ngeni katika wilaya hizi. Rejeta za magari ya enzi hiyo, yaani vyombo vya kupozea maji ya injini, zilikuwa za shaba, na viungo vyake vililehemiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati. Bati nalo hutokana na kasiteriti, jiwe linalochimbwa Bisie, katika wilaya ya Walikale.

Ufundi pia upo. Anayeishi kwa kutambua ugonjwa wa injini kwa sikio, na kuchonga kipuri kutoka chuma chakavu, tayari ana nusu iliyo ngumu zaidi ya kazi hii, na ni haki aheshimiwe hivyo. Anachonyimwa ni mwaka mzima wa utulivu na banda lisiloguswa, kwa maana mahali ambapo vita vimewahamisha watu mara nyingi, gari lililofunguliwa ni gari lisiloweza kukimbia. Hivyo mwanzo unaowezekana ni wa kipande kimoja kimoja: kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ifunguliwe asubuhi, isafishwe, ifungwe kabla ya jua kuzama, na vipimo vyake viandikwe katika daftari dogo ambalo, ikibidi kuondoka usiku, linaenea mfukoni.