WAZO LA LEO: Shosho wa Nyumba ya Pili

Munyaka, Eldoret, wengi tulilelewa na mama wa pili tusiyekuwa na undugu naye: shosho wa nyumba ya pili. Mama akichelewa sokoni, ufunguo ulikuwa kwake, na uji wa wimbi pia. Asubuhi za Julai, baridi ya Uasin Gishu ikiuma, alitusugua vidole kando ya jiko la makaa kabla hatujaenda shule. Ukikosea alikukemea kama wake, lakini jioni hakukusemea kwa baba.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa Eldoret na maelfu wakakimbilia uwanja wa maonyesho. Hata hivyo, wapo waliowaficha majirani wa kabila jingine. Ujasiri wa namna hiyo hauzaliwi usiku mmoja. Huanza mapema, kwa chumvi ya kuazimana na mtoto kulishwa bila kuulizwa ni wa nani. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Shosho wako akiwa hai, mpigie simu leo. Kama ametangulia, deni lake lilipe kwa mtoto wa jirani: jua jina lake, muulize kama amekula.