Picha za watu wa kale: Burudani au amana?

KUNA watu hukusanya stempu na wengine hukusanya sarafu za zamani. Mimi, tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekuwa nikikusanya picha na vioja kutoka katika machapisho ya kale. Kila nikipata nafasi hupita kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara hapa Dar es Salaam, nikapekua magazeti yaliyogeuka rangi na vitabu ambavyo majalada yake yamekwisha banduka. Nina mafaili matatu yaliyojaa. Humo mna matangazo ya dawa moja inayodai kutibu maradhi yote, michoro ya nyangumi iliyochorwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kumuona nyangumi, na picha za watu wa pwani yetu za miaka mia moja iliyopita na zaidi.

Sikuwahi kuona ubaya wowote katika jambo hili, na hata leo sisemi kwamba kustaajabu ni kosa. Wanazuoni wetu nao walikusanya maajabu. Zakariya al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1283, aliandika kitabu kizima juu ya maajabu ya viumbe, na nakala zake nyingi za mkono zilitiwa picha za sayari, wanyama na viumbe wa ajabu ajabu. Lakini lengo lake lilikuwa msomaji akistaajabu amkumbuke Aliyeumba. Basi tatizo haliko katika kustaajabu. Tatizo ni pale kinachostaajabiwa kinapokuwa ni mtu, mwana wa Adamu kama wewe.

Ndugu msomaji, naomba nieleze lililonifikisha hapa. Mwaka jana shangazi yangu, mtu wa miaka zaidi ya sabini, alikuja kututembelea. Baada ya swala ya Isha nikamtolea faili langu moja ili tuzungumze. Alicheka sana kwenye matangazo ya dawa. Kisha akafika kwenye kadi ya posta kutoka Unguja, ya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ina picha ya mwanamke kijana, mabega wazi, amesimamishwa mbele ya pazia lililochorwa miti. Chini yake yameandikwa maneno mawili tu ya Kiingereza, yenye maana ya mwanamke wa Kiswahili. Hakuna jina.

Shangazi aliitazama kwa muda, akaniuliza: "Huyu ni mama wa nani, baba?"

Nikamjibu: "Simjui, shangazi. Ni picha ya zamani tu."

Akasema: "Bibi yangu mzaa mama alikuwa Unguja miaka hiyo. Ungejuaje kuwa siye?" Kisha akaigeuza kadi ile kifudifudi, akaifunika kwa kiganja, akaendelea kuzungumza mambo mengine.

Shangazi hakujua kwamba miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeipiga picha kadi hiyo kwa simu na kuituma katika kundi letu la WhatsApp la wenzangu tuliosoma pamoja. Nilitia na maneno ya utani juu ya mavazi yake. Watu walicheka, na wengine wakaituma mbele kwa watu wao. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu adabu ya ulimi na jicho ndiye niliyefanya hivyo. Usiku ule sikulala vizuri.

Hebu tujiulize: je, kupita kwa miaka kunamgeuza mtu kuwa kitu? Kama jirani yangu angemvizia dada yangu, akampiga picha na kuisambaza ili watu wacheke, tungesema amevunja heshima ya Muislamu na tungemtaka atubu. Mbona yule aliyetangulia miaka mia moja na ushei tunamwita "historia" na kumfanya burudani?

Wapo watakaosema kwamba wahusika wamekwisha kufa na hawajui lolote. Hoja hii haisimami. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai. Kama mfupa wake una heshima, vipi heshima yake yenyewe iishe kwa kufukiwa? Na Qur'an katika Surat al-Hujurat inapokataza watu kuwadharau watu wengine, na wanawake kuwadharau wanawake wengine, haikuweka sharti kwamba anayedharauliwa awe anasikia.

Tazama yaliyomkuta Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1810 alipelekwa London akaonyeshwa kwa kiingilio kwa sababu ya umbile lake, na michoro ya kumdhihaki ikachapwa na kuuzwa. Alifariki mjini Paris mwaka 1815. Hata kufa hakukumpumzisha, kwani mwili wake ulichukuliwa kigezo cha plasta, mifupa yake ikatunzwa, na vikawekwa katika jumba la makumbusho hadi miaka ya 1970 watu wakivitazama. Ni mwaka 2002 tu ndipo mabaki yake yaliporudishwa kwao na kuzikwa. Watazamaji wengi wa karne ile walikuwa watu wa kawaida waliotaka kuona kioja, kama mimi nilivyotaka kuwachekesha wenzangu.

Jambo la pili ni ukweli wa picha zenyewe. Gazeti la Illustrated London News lilipoanza mwaka 1842, hapakuwa na njia ya kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Mchoro ulihamishiwa kwenye kibao cha mti mgumu, mafundi wakauchonga, na pengine kibao kikubwa kiligawanywa vipande ili kila fundi achonge chake kabla ya kuunganishwa tena. Fundi aliyekuwa London aliweza kuuchonga mji wa Afrika asioujua hata kwa harufu. Ilipopatikana njia ya kuchapa picha kwa vitone vidogo vidogo, katika miaka ya 1880 na kuendelea, watu walidhani sasa ukweli umefika. Lakini picha nyingi zilipangwa studio. Unguja walikuwapo wapiga picha mashuhuri wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na kadi za posta zilikuwa biashara. Picha moja iliweza kuuzwa mara kadhaa, kila mara ikiwa na maelezo mengine chini yake. Sisi tunaoambiwa tuihakiki habari kabla ya kuitenda, tunaipokeaje picha ya namna hii na kusema: "Hivi ndivyo walivyokuwa bibi zetu"?

Je, ina maana tuzichome picha hizi zote? Mwalimu mwenzangu mmoja alinishauri hivyo. Sikukubaliana naye, na sababu yangu haihusu hitilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya picha za kamera. Hitilafu hiyo ni ya siku nyingi, na miongoni mwa waliozijuzisha ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii wa Misri, aliyefariki mwaka 1935. Sababu yangu ni kwamba zipo picha ambazo ni ushahidi. Nahodha Mwingereza, G. L. Sulivan, alichapisha mwaka 1873 kitabu kuhusu kuyafukuza majahazi ya watumwa katika bahari yetu. Ndani yake mna michoro iliyotokana na picha alizopiga mwenyewe za watu waliookolewa, wamekonda, mbavu nje. Ukizichoma picha hizo, unakuwa umemsaidia nani? Aliyedhulumiwa au aliyedhulumu? Biashara ile ilipita katika bandari zetu, na miongoni mwa waliofaidika nayo walikuwamo Waislamu. Hatuna haki ya kuuficha ushahidi kwa sababu unatuumiza.

Kwa hiyo picha mbili zinaweza kuonyesha mwili wa mtu asiye na jina, moja ikawa ni wajibu kuionyesha na nyingine ikawa ni wajibu kuisitiri. Tofauti yake iko kwa anayeionyesha. Anataka nini? Anaieleza vipi? Anamuonyesha nani? Hata ile ya ushahidi, ukiionyesha kwa kucheka, umeshiriki katika dhulma ambayo ilikuwa imekwisha miaka mingi kabla hujazaliwa.

Baada ya kulitafakari jambo hili nimejiwekea kipimo cha maswali matatu kabla sijamuonyesha mtu picha yoyote ya mwana wa Adamu. Kwanza, je, ningeionyesha kama mhusika angekuwa mama yangu, naye amekaa hapa pembeni yangu? Pili, je, najua habari zake kiasi cha kuzisema, au nabahatisha tu ili nipate kicheko? Tatu, je, atakayeiona ataondoka akimheshimu zaidi mtu huyu, au akiichukia zaidi dhulma aliyofanyiwa? Picha isiyofaulu katika maswali haya inabaki ndani ya faili. Sisemi kwamba hii ni fatwa, kwani mimi ni mwalimu tu. Ni kipimo nilichojipimia nafsi yangu kwanza, kwa kuwa jicho nalo litaulizwa.

Kuhusu ile kadi, niliandika tena katika lile kundi, nikawaomba radhi wenzangu na kuwaomba waifute. Baadhi waliifuta. Mmoja aliniuliza kama siku hizi nimekuwa na wasiwasi wa shetani. Wengine walikuwa wamekwisha ituma kwa watu nisiowajua, na huko siwezi kuifuata. Nimejifunza kwamba toba kwa Mola iko wazi, lakini haki ya mja hubaki shingoni mpaka akusamehe mwenyewe, na huyu wa kumuomba msamaha sijui hata jina lake. Namuombea dua kila ninapomkumbuka, basi.

Kadi ninayo bado, sikuichoma. Nimeitia katika bahasha peke yake. Shangazi alipokuja tena mwezi wa Shaaban aliniuliza: "Yule mama yupo wapi?" Nikamwambia nimemsitiri. Akasema: "Vizuri, baba. Ukimjua ni wa nani, uwapelekee watu wake."

Wabillahi tawfiq.