Tusivune Shida ya Jirani

Sisi wakulima wa pamba hatujasahau. Mwaka 2022 bei dira ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ikashuka hadi 1,060. Mwaka wa neema tulinunua pikipiki, tukazing'arisha, tukapita nazo mbele za watu ili tuonekane. Mwaka wa dhiki tukazitoa kuziuza tupate unga na dawa. Wauzaji wakawa wengi, wanunuzi wachache, bei ikaanguka.

Kuanguka kwa bei si dhambi. Lakini wengine wetu tulingoja jirani abanwe zaidi, mgonjwa wake alazwe, ndipo tukataja bei ya kumwumiza. Tena tukaiita baraka! Walawi 25:14 inatuagiza tusidhulumiane katika kuuziana, wala haisemi, isipokuwa soko likiwa baya.

Basi ndugu akituletea pikipiki yake kwa ajili ya mgonjwa, tumpe bei ya haki. Tukiweza, tumkopeshe, abaki nayo imlishe. Chuma huchakaa na bei yake hushuka. Jirani ni mfano wa Mungu, na thamani yake haishuki kamwe. Amina.